Mti wa kinini haukubali kushuka ziwani

KALEMIE, jimbo la Tanganyika. Ni vigumu kupata nyumba Kalemie ambayo haijawahi kuuguza mtu wa malaria. Wakaaji wenye umri wa miaka arobaini na zaidi wanakumbuka vizuri matibabu ya zamani: mgonjwa amelazwa, serumu imetundikwa juu ya kitanda, ndani yake kinini. Baada ya saa chache masikio yanaanza kuvuma kama mtu aliyezama majini, mdomo unakuwa mchungu, na mama anayemlinda mgonjwa anaambiwa asiogope, dawa inafanya kazi.

Kinini hiyo imewaokoa watu wengi wa mwambao huu. Lakini mti unaoitoa si mti wa mwambao. Kalemie iko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mti wa kinini, ambao wengine huuita kenkina kutokana na jina lake la Kifaransa, unapenda milima. Katika mashariki mwa Congo ulipandwa juu ya Bukavu, kwenye miteremko ya Kivu, mahali ambapo asubuhi mtu hawezi kutoka nje bila koti.

Kwa nini dawa ya watu wa ziwani ilitoka milimani? Na je, mti huo ukipandwa huku chini, gome lake lingetibu? Jibu linapitia Bolivia, Java, Usambara na Kivu, na katika safari hiyo yote kuna kosa moja linalorudi tena na tena: watu kuhesabu miti badala ya kupima gome.

Ugonjwa wa joto, mti wa baridi

Mti wa kinini ni mti wa kijani kibichi, haupukutishi majani yote kwa msimu. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kutoka Kolombia hadi Bolivia. Dawa iko hasa ndani ya gome la shina na la mizizi. Mwaka 1820, wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kinini kutoka katika gome. Gome halina kinini peke yake. Kuna pia kinidini, sinkonini na sinkonidini, ndugu zake wa karibu, na kila mmoja ana nguvu yake na hatari yake.

Mti hautengenezi vitu hivyo kwa ajili ya binadamu. Ni silaha zake dhidi ya wadudu na wanyama wanaotaka kuutafuna. Kiasi cha silaha hizo hubadilika kulingana na aina ya mti, umri wake, udongo, mwanga, mvua na baridi.

Mkulima wa Tanganyika anaelewa jambo hili bila kwenda shule, kwa sababu analiona katika muhogo. Aina ileile ya muhogo inaweza kuwa na sumu zaidi mwaka wa ukame kuliko mwaka wa mvua nzuri. Jina la mmea halitoshi kukuambia kilicho ndani yake. Lazima ujue ulikulia wapi, na katika hali gani.

Tunapopanda mlima, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000. Kwa hiyo mteremko wa Kivu ulio kwenye mita 1,800 huwa na baridi kuliko Kalemie kwa nyuzi 6 hivi. Ukungu unakaa, udongo haukauki haraka, mti unakua polepole. Ile aina yenye kinini nyingi kuliko zote, inayoitwa ledgeriana, hustawi katika mazingira kama hayo. Wapandaji wa Java waliipatia nafasi yake bora kati ya mita 1,200 na 1,800 hivi. Ikipandwa chini sana, inaugua na gome lake linapungukiwa na dawa. Ikipandwa juu sana, baridi inaizuia kukua, na mkulima anangoja miaka mingi kwa gome jembamba.

Kuna aina nyingine, succirubra, yenye gome jekundu. Hiyo ni ngumu, inavumilia joto na udongo mbovu, inashuka chini zaidi. Lakini kinini yake ni kidogo mno ikilinganishwa na ile ya ledgeriana.

Malaria nayo ina kipimo chake cha urefu. Kijidudu cha malaria kali kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kinashindwa kumaliza safari yake. Ndiyo maana ugonjwa unatisha zaidi Kalemie, Moba na Uvira kuliko kwenye vilele vya Kivu. Mahali dawa inapokomaa vizuri, ugonjwa haukomai. Mahali ugonjwa unapokomaa, dawa inakataa kuota. Kwa hiyo watu wa mabondeni wamelazimika siku zote kungoja mzigo utoke juu.

Java: miti milioni moja bila dawa

Katikati ya karne ya 19, mataifa ya Ulaya yaliyokuwa na makoloni katika nchi za joto yalitaka kinini kwa wingi. Askari na watawala wao walikuwa wanakufa. Gome lote lilitoka Andes, na nchi za huko hazikutaka mbegu zitoke. Waholanzi na Waingereza wakatuma watu kuzitafuta kwa siri au kwa ujanja.

Waholanzi walipanda Java. Walipata mlima, walipata mvua, walipata urefu unaofaa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1860 walikuwa na zaidi ya miti milioni moja ya aina iliyoitwa pahudiana. Ilikua vizuri, ikapendeza macho. Lakini gome lake lilipopimwa, kinini ilikuwa karibu na hakuna. Miaka na jasho la wafanyakazi wa Java vilikuwa vimepotea. Msimamizi mpya, van Gorkom, aliyeshika kazi mwaka 1864, aliiacha aina hiyo.

Wokovu wao ulitoka kwa mtu ambaye hakufaidi chochote. Huko Bolivia aliishi Mwaymara mmoja, Manuel Incra Mamani, aliyefanya kazi ya kutafuta magome kwa ajili ya mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Mamani aliijua misitu. Alijua kutofautisha mti wenye dawa kali na ule ulio dhaifu, na alijua mahali ilipoota. Aliikusanya mbegu ya miti bora, na mwaka 1865 mbegu hizo zikafika Ulaya. Serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi walinunua pauni moja tu.

Mamani alikamatwa kwa kosa la kutoa mbegu, akapigwa, akafa. Mti ukapewa jina la Ledger.

Mbegu ile ilipandwa Java, na mwaka 1872 mwanakemia Bernelot Moens alipopima gome la miti michanga, alikuta kiasi cha kinini ambacho hakuna aliyekitegemea. Baadhi ya miti ilipita asilimia 10. Kuanzia hapo Waholanzi hawakupanda tena kwa macho. Walipima mti mmoja mmoja, wakachagua ulio bora, wakakata kipande chake na kukipandikiza juu ya shina la succirubra. Mizizi ya yule mgumu ikabeba mwili wa yule mwenye dawa. Walipanda pia kwa kufuata urefu wa mlima, kila aina mahali pake.

Matokeo yake, kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, Java ilitoa zaidi ya asilimia 90 ya kinini ya dunia nzima. Bei ikapangwa Amsterdam. Mgonjwa wa Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati wa Wabelgiji, alitegemea mlima ulioko ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Vita ilipofika Lukuga

Wazee wa Kalemie hupenda kusimulia vita ya mashua. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani. Mwishoni mwa mwaka huo, Waingereza chini ya Spicer-Simson walishusha mashua zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, karibu na mdomo wa mto Lukuga, baada ya kuzivuta nchi kavu kupitia milima ya Katanga. Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata mashua ya Wajerumani, Kingani. Mwezi Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, pale Kigoma. Ndiyo meli inayojulikana hadi leo kama Liemba.

Kinachosimuliwa kidogo ni vita nyingine, ya dawa. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kinini haikuingia tena kwa kawaida. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipaswa kumalizwa na malaria mapema. Halikumalizwa, na sababu moja ni mti wa mlimani.

Mwaka 1902 Wajerumani walikuwa wamefungua kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, leo Tanzania. Miongoni mwa mimea waliyoijaribu huko ulikuwemo mti wa kinini. Amani iko kwenye mita 900 hivi, chini ya urefu uliopendwa Java. Lakini milima hiyo inatazama bahari, inapokea upepo wenye unyevu na mvua nyingi. Hapo tunajifunza jambo muhimu: urefu si uchawi. Urefu ni njia mojawapo ya mti kupata baridi, ukungu na mvua. Mahali ambapo vitu hivyo vinapatikana, mti unaweza kukubali kushuka kidogo. Mwambao wa Kalemie, wenye joto na miezi mirefu ya kiangazi, hauna nafasi hiyo.

Wakati wa vita, wataalamu wa Amani walitengeneza kinini kutoka katika magome ya Usambara. Askari walipofukuzwa kaskazini na kupoteza vifaa, walichemsha gome tu na kunywa maji yake machungu, ambayo Wajerumani waliyapa jina la mzaha la pombe ya Lettow. Ilisaidia, ila kila mnywaji alikuwa anakisia kipimo.

Upande wa Congo, zaidi ya laki mbili ya watu walikamatwa kubeba mizigo ya vita. Maelfu yao hawakurudi nyumbani, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kinini ilikuwa ya Wazungu na askari kwanza. Mpagazi aliyebeba sanduku la dawa begani hakuwa na hakika ya kupewa kidonge kimoja.

Kivu, mwaka 1942

Mwaka 1942 Japani iliiteka Java. Kwa pigo moja, karibu kinini yote ya dunia ikawa mikononi mwa adui wa nchi za Muungano. Wamarekani walituma wataalamu Andes kutafuta miti ya mwituni. Wabelgiji, ambao nchi yao yenyewe ilikuwa chini ya Ujerumani, waligeukia Kivu.

Huko tayari kulikuwa na mwanzo. Shirika la utafiti wa kilimo la koloni, INEAC, lililoanzishwa mwaka 1933, lilikuwa na kituo Mulungu, karibu na mlima Kahuzi. Hapo walichunguza kahawa, chai, pareto na mti wa kinini. Udongo wa volkano, mvua nyingi na urefu wa mita 1,500 hadi 2,000 vilifanana na Java kuliko mahali pengine popote koloni. Ledgeriana ilikubali. Mashamba yakapanuliwa, na chimbuko la kiwanda cha Bukavu ambacho leo kinajulikana kama Pharmakina ni miaka hiyohiyo ya vita.

Historia hii ina upande wa jasho pia. Mwaka 1942 serikali ya koloni iliongeza siku za kazi za lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Congo nzima ilisukumwa kutoa mpira, bati, pamba na mazao mengine kwa ajili ya vita. Milima ya Kivu, yenye udongo bora, ilikuwa imeanza kugawiwa kwa walowezi na makampuni tangu kabla ya hapo. Urefu uleule uliofaa mti wa kinini ulifaa pia maharagwe, mtama na ng'ombe wa wenyeji. Mahali mti ulipoingia, mara nyingi mwenyeji alisogea.

Baada ya uhuru, kiwanda cha Bukavu kilikuwa kwa miaka mingi mali ya kampuni ya Ujerumani, Boehringer Mannheim, na mwaka 1999, katikati ya vita, kikachukuliwa na viongozi wake wenyewe. Kilivuka miaka ambayo biashara nyingi za mashariki zilifungwa. Wakulima wadogo nao walipanda miti na kuuza magome. Anayeleta gome kiwandani anajifunza haraka kwamba kilo si kilo. Gome la mti mchanga, gome la mti uliokulia mahali pabaya, gome lenye maji, yote yanaweza kuwa na uzito uleule kwenye mizani, lakini maabara inaona tofauti. Mti unahitaji miaka kadhaa kabla ya gome lake kufikia nguvu, na anayekata mapema kwa sababu ya shida anauza kuni kwa jina la dawa.

Kinini ya Kivu haikuishia hospitalini tu. Duniani hutumika pia kutia uchungu katika vinywaji vya toniki. Mtu wa Ulaya anayekunywa glasi yake jioni hana malaria, lakini anaonja kitu kilekile kilichokuwa ndani ya serumu ya Kalemie.

Gome si kipimo

Leo kinini si dawa ya kwanza tena. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Congo ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, ulitangazwa mwaka 2010. Ulionyesha kwamba watoto waliopewa artesunati ya sindano walikufa wachache zaidi kuliko waliopewa kinini, pungufu ya asilimia 22 hivi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri artesunati itangulie kwa malaria kali hata kwa watoto wa Afrika. Kinini ikabaki dawa ya akiba, pale artesunati inapokosekana.

Lakini sokoni mambo hayaendi kwa kasi hiyo. Mashariki mwa Congo magome, mizizi na unga wa mitishamba huuzwa kila siku, na gome chungu lina sifa kubwa. Mama asiye na pesa ya kituo cha afya anaweza kuambiwa kwamba gome hili ni la mti wa kinini, limetoka Bukavu, achemshe na kumnywesha mtoto. Huyo mama si mjinga. Dawa hii ni ya kweli, na imeponya watu karne nyingi.

Tatizo ni lile lililowapata Waholanzi wa Java na askari wa Lettow. Je, ni ledgeriana au succirubra? Ulikulia mita ngapi? Ulikuwa na miaka mingapi? Ni gome la shina au la mzizi? Uchungu hausemi, kwa sababu sinkonini na ndugu zake nao ni wachungu. Vikombe viwili vilivyochemshwa kwa mkono mmoja, kutoka katika mafungu mawili ya magome, vinaweza kutofautiana mara kadhaa. Kikombe dhaifu kinatuliza homa kidogo na kuacha kijidudu hai, huku siku zinapita. Kikombe kikali kinaleta kizunguzungu, kutapika, kutoona vizuri, sukari kushuka mwilini na moyo kupiga vibaya. Kwa mtoto mdogo na mama mjamzito, nafasi ya kukosea ni ndogo sana.

Kaskazini ya Kalemie kuna mlima Kabobo, unaopita mita 2,700. Kusini kuna nyanda za juu za Marungu, zinazopita mita 2,000. Jimbo la Tanganyika si bonde tupu. Lina milima yake, yenye miti ambayo wazee wa huko wanaijua kwa majina na kwa kazi. Siku moja huenda watafiti wa Congo watapanda huko na vipimo vyao, wakiandika urefu, umri na udongo kando ya kila gome. Wakifanya hivyo, waanze na wale wanaoijua misitu, na majina yao yaandikwe. Mamani alistahili hilo na hakulipata.

Kwa leo, mtoto akipata homa Kalemie, safari fupi ndiyo bora: kituo cha afya kwanza, kipimo cha damu, dawa yenye kiasi kilichoandikwa juu ya pakiti. Gome la mlimani limefanya kazi yake kubwa katika historia ya mwambao huu. Liliifanya vizuri pale tu lilipopitia mikononi mwa mtu mwenye mizani.